Nepi za kisasa Kyela: kabla hujanunua, tazama kamba yako ya nguo

Na Mwandishi Wetu

MWEZI wa nne Kyela si mwezi wa kuchezea. Wingu linashuka kutoka milima ya Livingstone, linatua juu ya mpunga na migomba, na likishatua halina haraka ya kuondoka. Bonde hili hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dar es Salaam inapata kama nusu yake, na nyingi humwagika kati ya Machi na Mei. Sasa mchukue mama aliyejifungua mwezi wa tatu. Kichanga cha wiki mbili hubadilishwa nepi mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku. Za jana bado mbichi kambani, za leo zimo kwenye beseni, na mtoto mwenyewe hana habari na mvua, anaendelea na shughuli zake kama kawaida.

Siku hizi kuna hizi nepi za vitambaa za kisasa. Utaziona kwenye maduka ya vitu vya watoto Mbeya mjini, utaziona kwenye simu zikitangazwa na wauzaji wa Dar ambao wakishapokea hela wanapakia mzigo kwenye basi, wewe unausubiri stendi. Zina vifungo vya kubonyeza, zina lastiki mapajani, na nje zimechorwa twiga, tembo na maua. Akina mama wengi, tusidanganyane, huzinunua kwa ajili ya twiga. Ni nepi nzuri, sipingi. Lakini kwa anayeishi Ipinda, Matema au Kyela mjini, swali la kwanza si picha gani iko nje. Swali ni hili: itakauka lini?

Kutoka uwinda hadi pampasi

Bibi zetu hawakuwa na shida ya kuchagua. Khanga iliyochakaa ilichanwa vipande vya mraba, mtoto akapigwa uwinda, pini kubwa ubavuni, mambo yakaisha. Ng'ambo ya mto Songwe ndugu zetu wa Malawi wana jina lao kwa Kichewa, thewera, zikiwa nyingi matewera, na shughuli ni ile ile. Ubaya wa kipande cha khanga kila mama anaujua: mtoto akikojoa umelowa na wewe, imelowa na mbeleko, na kama uko kanisani unatoka umekunja uso.

Ndipo zikaja chupi za nailoni za kuvalisha juu ya kitambaa. Mkojo hautoki, sawa, lakini hata joto halitoki. Watu wa Tukuyu kule juu, wanaovaa masweta, labda hawakuona tatizo. Huku chini, ambako ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari na jasho linakutoka ukiwa umekaa tu, makalio ya mtoto yalikuwa yanapikwa kwenye sufuria yenye kifuniko.

Wenzetu wa Marekani nao walipita njia hiyo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mama mmoja aitwaye Marion Donovan, aliyechoka kufua mashuka yaliyolowa, alikata pazia la bafuni akashona kifuniko cha nepi kisichovujisha, tena chenye vifungo vya kubonyeza badala ya pini. Kifuniko hicho ndicho babu wa ganda la nepi tunayoizungumzia leo. Mwaka 1961 kampuni ya Procter & Gamble ikaleta Pampers za kuvaa na kutupa, na jina hilo limetukaa mdomoni kiasi kwamba sisi kila nepi ya kutupa tunaiita pampasi, hata kama pakiti imeandikwa jina jingine kabisa.

Pampasi siitukani. Safari ya basi kwenda Mbeya na mtoto anayeharisha, hakuna cha ujanja hapo, mvalishe. Shida inaanza pale inapokuwa chakula cha kila siku. Tuseme unanunua moja moja dukani kwa shilingi 500, na unatumia sita tu kwa siku kwa kubana. Hiyo ni 3,000 kwa siku, 90,000 kwa mwezi, na mtoto atavaa nepi miaka miwili au zaidi. Wenye kipato kidogo hujibana kwa njia mbaya: mtoto anaachwa na pampasi moja kutoka asubuhi mpaka jioni, imejaa, imening'inia magotini, na vipele ndiyo matokeo yake.

Halafu, ikishajaa inakwenda wapi? Ndani yake kuna punje punje zinazokunywa maji na kugeuka uji mzito, juu kuna plastiki. Haiungui vizuri kwa sababu imelowa. Haiozi upesi. Ukiitupa chooni inajaza shimo, na shimo la Kyela lenyewe maji yako karibu, mvua ikizidi linafurika. Ukiitupa pembeni, mbwa anaikokota mpaka mlangoni kwa jirani, au mto unaibeba. Kiwira, Mbaka, Lufilyo, Songwe, yote inaishia Ziwa Nyasa, kule kule ambako dagaa wa jioni wanatoka. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na kila mtu akajifunza kubeba kikapu. Pampasi hazikuguswa.

Ganda na moyo wake

Nepi ya kisasa ni vitu viwili. Cha kwanza ni ganda, yaani ile chupi yenye twiga. Ganda zuri ni kitambaa chepesi cha poliesta kilichopakwa utando mwembamba wa plastiki upande wa ndani, hivyo maji hayapiti lakini si nzito kama nailoni ya zamani. Cha pili ni kitambaa cha ndani kinachonyonya mkojo, nami nitakiita moyo wa nepi, maana ndicho kinachofanya kazi. Nyingine zina mfuko, unauchomeka moyo ndani ya mfuko. Nyingine moyo unalazwa tu juu ya ganda. Nyingine zimeshonwa vyote pamoja, na hizo nakuomba mama mwenzangu uziache dukani zilipo. Kwa nini? Kwa sababu ganda peke yake, ukilikung'uta, linakauka haraka hata siku ya mawingu, lakini likishonewa moyo mnene linabaki na maji katikati siku mbili nzima. Ukiligusa nje unadhani limekauka, unamvalisha mtoto, kumbe ndani bichi, na harufu nayo inaanza.

Moyo wenyewe uko wa aina nyingi, na muuzaji atakusifia ule wa bei kubwa. Ule wa mwanzi ni laini kama shavu na unakunywa maji mengi sana, lakini kitu kinachokunywa maji mengi hakiyaachii upesi. Kiangazi, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi, utakusaidia sana usiku. Masika utakutesa. Ule wa mikrofaiba, wenye manyoya manyoya kama kitambaa cha kufutia gari, unakauka haraka, ila usiuweke moja kwa moja kwenye ngozi ya mtoto, unanyonya unyevu wa ngozi mpaka inakwaruza. Ukae ndani ya mfuko. Tena ukibanwa, kwa mfano mtoto akifungwa mgongoni, hutema maji kama sponji.

Mimi moyo ninaoupenda kwa Kyela haumo kwenye pakiti. Ni khanga ile ile ya bibi. Kipande cha mraba cha pamba nyembamba, ukikikunja mara nyingi kinakuwa kinene cha kutosha kukamata mkojo, na ukikikunjua kambani kinakuwa utando mmoja unaokauka upesi kuliko moyo wowote wa dukani. Ganda la kisasa nje, khanga iliyochakaa ndani. Mbeleko haitalowa, na jua dogo linalochungulia saa nane mchana linatosha.

Angalizo: iwe khanga ya pamba, tena iliyofuliwa miaka. Khanga mpya ina wanga na rangi, maji yanateleza juu yake. Kama huamini, mwagia kijiko cha maji utazame. Vile vitenge vya kung'aa vya poliesta usijaribu, havinyonyi. Taulo za mitumba nazo zinafaa, ukipata nyembamba. Fundi cherehani atakukatia na kupinda kingo kwa mchana mmoja.

Sasa ganda. Ligeuze, lipime kwa kumwagia maji ndani, ushike chini kwa kiganja. Kiganja kikilowa, rudisha. Tazama safu za vifungo vya mbele: hizo ndizo za kuongeza na kupunguza ukubwa, na nyingi zimekusudiwa mtoto wa kuanzia kilo nne hivi mpaka kilo 15. Kichanga cha kilo mbili na nusu au tatu humo ataogelea, na mavi ya maji ya kichanga yatatokea mapajani. Wiki za mwanzo mpige uwinda wa khanga, usione haya. Zile za kunata, zinazolia kwaruu ukibandua, zinarahisisha kazi gizani lakini zinachoka mapema na hukamata nyuzi za kila kitu kwenye beseni. Vifungo vya kubonyeza vinadumu.

Lastiki ikae kwenye mfereji wa paja, pale chupi inapokaa, isikae katikati ya paja. Tumboni vidole viwili vipite. Mkanda ukiacha alama nyekundu isiyoondoka, umebana mno. Ukivuja, mara nyingi kosa ni moyo uliochungulia nje ya ganda, si ganda.

Ngapi? Kiangazi vipande 20 vya khanga na maganda matano au sita vinatosha, kwa sababu ganda lisiloguswa na choo unalifuta, unalipumzisha, unalirudia. Masika ongeza vipande viwe 30. Khanga mbili kuukuu zinakupa vingi, hela yako yote iende kwenye maganda. Na usinunue sita za muuzaji mmoja siku ya kwanza. Nunua moja moja za aina mbili, zijaribu wiki nzima, ndipo uagize.

Maji ya nepi yanakwenda wapi?

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri, maana kuna msemo unaozunguka vijijini kwamba choo cha mtoto hakina madhara, eti ananyonya tu. Si kweli. Kinabeba vimelea vya kuharisha kama cha mtu mzima, na pengine zaidi, kwa kuwa watoto ndio wanaougua sana. Kyela na kipindupindu wanajuana. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi nchini, na mtu wa kando ya ziwa hahitaji kuelezwa maana ya mtu kuishiwa maji mwilini kwa siku moja.

Kwa hiyo kufua nepi mtoni au ziwani, wakati hatua chache pembeni mwenzio anachota ndoo ya kunywa, ni kumpelekea jirani ugonjwa kwa mkono wako. Chota maji, panda nayo juu, fulia nyumbani. Choo chote kikung'utie chooni kwanza, na maji ya suuza ya mwanzo yamwagwe humo humo chooni, mbali na kisima. Tena ukikaa nyumbani umejiepusha na kichocho, ambacho kimo katika ziwa hili na hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Halafu nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika titi wala mwiko.

Nepi chafu zinazosubiri kufuliwa ziwekwe kwenye ndoo yenye kifuniko, kavu. Ya kulowekwa siku nzima inanuka, inazalisha mbu ikiachwa wazi, na ndoo ya maji ni hatari kwa dada yake wa mwaka mmoja na nusu anayejifunza kutembea. Na usije ukatumia chungu cha Wakisi! Kile kinanyonya, na kesho kutwa mtu atakuja kupikia maharage.

Sabuni ya unga kidogo au ya kipande inatosha, suuza mpaka povu liishe, maana sabuni iliyobaki huchoma ngozi. Ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua weka mbali, inapaka mafuta kwenye nyuzi na nepi inaacha kunyonya. Jiki inakula lastiki na utando wa ganda, na ukiimwaga kwenye nepi yenye mkojo hutoa hewa inayokaba koo. Madoa ya njano yaachie jua. Vipande vya khanga unaweza kuvichemsha mara moja moja. Ganda usilichemshe wala kulipiga pasi, litabanduka.

Mtu wa Kyela hafundishwi kuanika

Watu wanaoanika kakao na mpunga wanajua kukimbia. Wingu likitokeza mlimani, uwanja mzima unasimama, mikeka inakunjwa, mtoto wa miaka sita naye kabeba debe. Nepi zitendewe hivyo hivyo, kama kakao. Jua kali la saa nne mpaka saa nane, juani kabisa, kambani, si kwenye majani na si chini ya mkorosho.

Nina sababu ya kusisitiza jua. Kuna nzi mmoja wa rangi ya manjano ya kahawia, anapatikana sehemu nyingi za Afrika yenye joto, ambaye anapenda mchanga wenye mkojo na nguo mbichi iliyoanikwa kivulini. Anataga humo. Yai linaangua kabuu kasikoonekana, na mtoto akivalishwa kanaingia kwenye ngozi. Baada ya siku kadhaa unaona jipu lenye kitundu katikati, na ukichungulia, jipu linapumua. Jamani! Dawa yake ni jua la moja kwa moja, na kwa vipande vya khanga, pasi ya mkaa iliyokolea, pande zote mbili, hasa kwenye pindo. Ganda kwa kuwa halipigwi pasi, masika lianike ndani ya nyumba kwenye kamba, mbali na nzi.

Na hapa mila inaingia. Kwa Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe hukwepana tangu zamani. Monica Wilson aliyefanya utafiti huku miaka ya 1930 aliandika jinsi mwali alivyopaswa hata kujificha baba mkwe akipita. Mengi yamelegea, lakini mwali anayeishi kwenye boma la wakwe bado anaona haya kutandaza nguo za chini uwanjani, na nepi anazihesabu humo humo. Anaanika nyuma ya jiko, kivulini, kwenye majani mabichi. Yaani pale pale nzi anapomngojea. Mama mkwe ndiye mwenye ufunguo wa jambo hili. Akisema, "Mwanangu, anika hapa juani, huyu ni mjukuu wetu," hakuna mzee atakayegeuza shingo. Nepi si chupi yako, ni ya mtoto.

Siku tatu za mvua mfululizo zikija, kamini maji kwa kuviringisha nepi ndani ya taulo kavu na kukanyaga, kisha ning'iniza juu ya jiko la kuni, juu kabisa, moshi utapita na harufu mtoto ataizoea. Lakini jiko la mkaa usiliingize chumbani ukafunga mlango na dirisha ili nepi zikauke usiku. Hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, na inaua watu wazima wakiwa usingizini, seuze kichanga.

Zile zilizotunzwa sandukuni

Mama wa mtoto wa pili hufungua sanduku na kutoa nepi za yule wa kwanza. Safi. Ila kama sandukuni kulikuwa na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende na nondo, vinavyoitwa nafthalini, nguo hizo zisimguse kichanga. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kitu kwenye damu kiitwacho G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida zaidi katika sehemu zenye malaria nyingi kama zetu. Hewa ya vidonge hivyo huvunja damu yao. Mtoto anageuka manjano macho na ngozi, na umanjano ukizidi hufika kwenye ubongo. Huwezi kujua kwa macho ni yupi. Mtoto mchanga akiwa wa manjano, hospitali siku hiyo hiyo, usingoje jua la asubuhi. Vidonge kwenye sanduku la mtoto havina kazi. Majani ya kawaida yaliyokauka, mfuniko unaobana, basi.

Vipele navyo vikimtoka, dawa ya kwanza ni kumwacha uchi. Mlaze kwenye mkeka, makalio yapigwe hewa, mbadilishe kila baada ya saa mbili au tatu na mara moja akitoa choo. Mafuta mazito yapakwe kidogo tu, na ulaze kitambaa chembamba cha khanga juu ya moyo ili mafuta yasizibe nyuzi. Poda usimpulizie, anaivuta mapafuni. Wekundu mkali uliojikita kwenye mikunjo, wenye vipele vidogo pembeni, aghalabu ni fangasi, na huo unahitaji dawa ya kituo cha afya; kipindi hicho vipande vyake vichemshwe au vipigwe pasi kila siku.

Ganda likitunzwa hivi linavaliwa na mtoto wa kwanza na kumfikia wa pili. Kinachotangulia kufa ni lastiki. Inalegea mapajani, nepi inaanza kuvuja, na mama anadhani imekwisha. Bado. Mpelekee fundi cherehani sokoni, afumue pindo sehemu ndogo, avute ile ya zamani na kupitisha mpya kwa pini. Ila utando wa ndani ukianza kubanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu, hapo hakuna fundi. Kata vifungo uvitunze, na kilichobaki fanyia kazi ya kufutia baiskeli.